Kiota cha Uzi wa Manjano

Kwenye matanga ya Mshonaji, mwezi uliopita, nilikaa juu ya kiti cha plastiki tangu asubuhi hadi saa tisa, nikasikia watu watatu wakisimulia habari zake, na wote watatu walikosea. Wa kwanza alisema kwamba wakati wa vita marehemu aliwashonea wapiganaji kwa hiari yake. Wa pili alisema kwamba alifuga ndege wa uchawi katika ua wake, na kwamba ndiyo sababu hakuguswa. Wa tatu, ambaye mwaka ule hakuwapo hata hapa mjini Bunia, alisema kwamba mama yule aliokolewa na karatasi halali ya serikali. Niliinuka kuwasahihisha, lakini kwaya ilianza kuimba, na mimi si mtu wa kupaza sauti juu ya kwaya. Kwa hiyo nawasahihisha hapa, kwa maandishi, kama nilivyozoea.

Nilitumikia ofisi ya état civil, ile inayoandika vizazi, ndoa na vifo, mpaka nilipostaafu. Fomu zetu zote zilianza na mahali pa kuzaliwa na asili ya baba na mama. Kwa Mshonaji nitaziacha nafasi hizo wazi, wala si kwa kusahau. Mwaka ule, katika mji huu, watu waliulizwa maswali hayohayo mawili kwenye vizuizi vya barabara, na wengine waliojibu hawakufika nyumbani. Sitayajibu kwa niaba yake hata sasa akiwa kaburini. Jina lake nalo nitaliacha. Mtaa mzima ulimwita Mama Couturière, nami nitamwita kwa kazi yake.

Tulikuwa majirani kwa miaka mingi, ua kwa ua, tukitenganishwa na uzio wa matete ulioinama upande wangu kwa sababu alianika nguo juu yake. Nilimwandikia barua mbili kuhusu uzio huo. Hakujibu hata moja.

Cherehani yake ilikaa barazani, imeelekea uani wala si barabarani kama za washonaji wengine wanaotaka kuonekana na wateja. Nilipomuuliza sababu, alisema barabarani hapana kitu cha kuangalia ila watu. Mbele yake ulisimama mlimau mmoja, na nyuma ya mlimau nyaya za umeme ambao ulikuwa haupiti tena. Alikuwa akikanyaga cherehani, anashona mshono mmoja mrefu, anainua macho, anaangalia mlimau, anarudi kwenye sindano. Mtu asiyemjua angedhani anasubiri mgeni.

Ndege aliyempenda zaidi ni chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, dume lake likimetameta kama kitambaa cha sherehe. Chozi hujenga kiota kinachoning'inia mithili ya kifuko, naye hupenda kukisuka kwa utando wa buibui, majani makavu na chochote laini anachokiokota. Mshonaji alijua hilo. Kila kiangazi kilipokaribia mwisho, vumbi likiwa bado jekundu juu ya majani na mawingu ya kwanza yakijikusanya, alianza kutandaza mabaki ya nyuzi juu ya ukuta mfupi wa baraza. Wateja walimlalamikia uchafu. Yeye aliwaambia:

"Hapana simama pale. Unazuia fundi mwenzangu."

Alikuwa na kumbukumbu zake, nami kwa muda mrefu nilizidharau. Kwenye msumari mmoja kando ya mlango lilining'inia bunda la nyuzi, uzi mmoja kwa kila mwaka. Mbayuwayu waliporundikana kwenye nyaya na siku moja wakaondoka kuelekea kaskazini, alifunga fundo la kwanza. Chozi wa kwanza alipochukua uzi ukutani, fundo la pili. Makinda yaliporuka, la tatu. Kati ya fundo na fundo aliacha upana wa kidole kimoja kwa kila wiki. Siku moja nilichukua daftari langu la mvua, ambalo nililiandika kwa uangalifu mkubwa, nikalilinganisha na mafundo yake ya miaka kadhaa. Hakuwa amekosea hata wiki moja. Ni mimi niliyekuwa nimeruka mwezi mzima mwaka ule nilipougua.

Nataka ieleweke kwamba hakuwa mtu mpole wa ndege. Hua wa porini aliwanasa kwa kamba na kuwala kwa foufou, ule ugali wa muhogo, akanipitishia paja juu ya uzio. Mwewe alimtupia mkasi. Tena alikuwa mwongo wa kila siku, kama walivyo washonaji wote niliowajua. Suti yangu ya kustaafu ilichelewa wiki tatu, na kila nilipopita aliniambia, akiniita mkuu kwa Kifaransa kama ofisini, "Imebaki tu kuweka vifungo, Chef," ilhali nguo haijakatwa, kitambaa kimekunjwa bado kama nilivyokileta. Mwanamke aliyejua siku ya mbayuwayu kuondoka hakuweza kujua siku ya suti kumalizika. Nilimwambia hivyo. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Mbayuwayu hawanisumbui kila asubuhi," alisema.

Kisha vita viliingia mjini. Sitasimulia nani alianza. Wako wengi wanaosimulia hilo, kila mmoja kwa faida yake. Nasema tu kwamba kwa wiki nyingi dunia yangu ilikuwa na upana wa ua wangu pamoja na wake. Barabara haikuendeka. Soko lilifungwa, likafunguliwa saa mbili, likafungwa tena. Risasi zilipolia tulilala chini, yeye kwake na mimi kwangu, na ziliponyamaza tuliitana kupitia tundu la uzio, lile lile nililokuwa nimemwandikia barua kuhusu kuliziba.

"Chef, uko?"

"Nipo."

"Basi na siye tuko."

Alisema "siye" ingawa alikuwa peke yake. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Mongbwalu na mfanyabiashara wa dhahabu, na tangu barabara ya Iga Barrière ifungwe hakuna neno lililopita. Majirani waliokimbilia kambini karibu na uwanja wa ndege walimsihi afuatane nao. Alikataa. Binti angerudi, alisema, angekuta mlango umefungwa, angefikiri mama amekufa. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa mjane mwenye goti bovu na kabati la nyaraka, na kwa sababu sikuona kwa nini nifukuzwe nyumbani kwangu na watu wasio na hati yoyote.

Mwisho wa kiangazi mbayuwayu walijaa kwenye nyaya. Tulisimama, kila mmoja upande wake wa uzio, tukiwaangalia.

"Hawa wanaenda Ulaya, Chef. Nani aliwaandikia passeport? Iko weye?"

"Hawakupita ofisini kwangu."

"Basi uwakamate!"

Asubuhi iliyofuata nyaya zilikuwa tupu. Alifunga fundo lake. Nakiri kwamba siku ile niliwaonea wivu ndege.

Kundi lililokuwa linashika mji wakati huo lilikuja kwake na marobota mawili ya kitambaa cha manjano. Walitaka vipande vya kufunga begani, ili watambuane. Nilikuwa nyuma ya uzio na nilisikia kila neno. Alisema hana uzi. Wakaleta uzi. Alisema cherehani imekufa. Mmoja akaweka mtutu wa bunduki juu ya gurudumu la cherehani akauliza kama aifufue. Alishona siku mbili, wao wakiwa wamekaa juu ya ngazi zake. Hiyo ndiyo hiari inayosemwa matangani.

Wiki chache baadaye mvua ya kwanza ilinyesha, na kundi lile lilifukuzwa na kundi jingine. Mara moja tulisikia kwamba wapya wanapita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta waliowahudumia wale wa kwanza. Mshonaji alichoma kila kipande cha manjano. Alifagia baraza, akafagia ua, akamwaga majivu chooni. Nilimsifu kupitia tundu. Kisha nikainua macho nikaona mlimau, nikaelewa nilichokuwa sijakielewa jana yake.

Kwenye tawi la pili, upande wa baraza, kilining'inia kifuko cha chozi, na kifuko hicho kilikuwa cha manjano. Si kidogo. Chozi alikuwa ameusuka uzi ule kuanzia juu mpaka chini, na mwisho wake ulipepea kama ndevu.

"Mama," nilisema, "kiota kile kiondolewe leo."

"Iko na mayai, Chef."

"Ni mayai mawili ya ndege mwenye uzito wa kifungo."

"Ulijuaje mawili?"

"Jana nilipita tunduni nikachungulia."

"Basi iko weye unamusumbua. Ndiyo maana jana alichelewa kurudi."

Nilimweleza, kwa utaratibu, hatari iliyopo. Nilimwambia kwamba kuna watu walioondoka duniani wiki ile kwa jambo dogo kuliko uzi. Nilimwambia kwamba mwanamke anayekula hua kwa foufou hana haki ya kufa kwa ajili ya chozi. Alinisikiliza, mikono imeshika uzio, akajibu neno moja tu: hapana. Nilijitolea kupita kwenye tundu na kukikata mwenyewe. Aliniambia kwamba nikigusa tawi lile hatanijibu tena nitakapoita baada ya risasi. Nilirudi ndani. Nilikasirika sana, na hasira ile ilinisaidia kupitisha siku.

Walikuja siku ya tatu, saa nne asubuhi, watano. Mkuu wao alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na wenzake walimwita Komanda. Nilisikia lango lake likisukumwa, nikasimama nyuma ya matete.

"Mama, iko weye ulishonea wale wajinga vitambaa?"

"Mi nashona nguo za watu," alisema Mshonaji. "Na weye, Komanda, suruali yako imepasuka nyuma. Askari wako wanaona matako yako na wanaogopa kukuambia."

Kisha mmoja wa wale watano akakohoa, na ilikuwa wazi kwamba anazuia kicheko. Komanda alijipapasa nyuma. Nilimsikia Mshonaji akisema geuka, nikachungulia, nikaona kwa macho yangu mkuu wa kikosi amesimama ameshika nguzo ya baraza, na mama yule amepiga magoti nyuma yake, sindano mkononi, anashona suruali ikiwa mwilini.

"Hapana tikisika. Nitakuchoma."

Ningeweza kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini askari mmoja alikuwa amesogea kwenye kivuli cha mlimau.

"Komanda, angalia hii."

Alikuwa anakigusa kiota kwa mdomo wa bunduki. Chozi jike alichomoka akapita kati yao kama jiwe lililorushwa.

Mshonaji alikata uzi kwa meno, akainuka. "Ule ni uzi wa kwaya," alisema. "Muulize jirani. Iko muzee wa état civil. Yule hapana danganya, mtaa wote unajua."

Nataka niandike sawasawa nilichohisi: nilihisi nimeibiwa. Miaka yote ile ya kutobadilisha tarehe hata moja, ya kuwafukuza ofisini watu waliokuja na bahasha ili mtoto apunguziwe umri, alikuwa ameiokota kama bakio la kitambaa na kuitumia bila kuniomba ruhusa. Niliitwa. Nilipita kwenye tundu la uzio, nikiwa na suti ile aliyoichelewesha, maana wakati wa vita nilivaa suti kila siku ili nikifa nifahamike ni nani.

"Muzee, uzi huu umetoka wapi?"

"Kwenye mishipi ya kwaya," nilisema. "Ya Pasaka. Niliiona kwa macho yangu."

"Unaweza kuandika hivyo?"

Mshonaji alichana ukurasa kutoka kwenye daftari lake la vipimo vya wateja. Nikaandika. Na hapa naeleza kosa langu, ambalo mtu asiye wa ofisi asingelifanya. Mkono wangu ulikuwa umezoea kutoacha nafasi ya shaka. Niliandika kwamba mimi niliyesaini hapa chini nathibitisha kuwa uzi wa manjano ulio katika kiota cha ndege chozi, chenye mayai mawili, kilichoning'inia kwenye tawi la pili la mlimau, upande wa baraza, umetokana na mishipi ya kwaya. Nikaweka tarehe. Nikasaini kwa jina langu kamili. Muhuri sikuwa nao. Niliurudisha siku ya kustaafu, na stakabadhi ninayo. Karatasi ile haikuwa ya serikali wala haikuwa halali. Ilikuwa ya uongo, na ni mimi niliyeiandika.

Komanda aliisoma polepole, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Tutapita tena," alisema. "Kama iko uongo, tutajua."

Walipoondoka nilikaa kwenye kiti cha wateja.

"Sasa," nilimwambia, "kikate. Mara moja."

Alinitazama kama anayemtazama mteja aliyeleta kitambaa kisichotosha.

"Chef, weye mwenyewe umeandika tawi la pili. Umeandika mayai mawili. Wakirudi wasikikute, watasema nini?"

Alisema kweli. Nilikuwa nimekigeuza kiota kuwa ushahidi, na ushahidi hauondolewi. Kwa hiyo mimi, niliyetaka kukikata, nilikilinda. Kwa wiki tatu nzima nilikaa nyuma ya uzio tangu alfajiri, rungu mkononi, nikiwafukuza kunguru na paka wa jirani aliyekimbia. Mvua ilipopiga kwa upepo nilisimama chini ya mlimau na mwavuli. Mshonaji alipita na maji ya kufulia akasema, "Polisi ya mayai," akaingia ndani. Sote wawili tulikuwa tumefungwa kwenye tawi moja, na tulijua kwamba kila lango lililogongwa mtaani lingeweza kuwa letu.

Mayai yalianguliwa. Nilijua kwa sababu jike aliacha kulala kiotani akaanza safari: kutoka, kurudi na buibui mdomoni, kutoka tena, kuvuka paa zilizochomwa upande wa chini, kurudi. Mara nyingine risasi zilikuwa zinalia, naye akatoka. Mshonaji alikuwa amekaa mbele ya cherehani bila kushona, akiangalia tu. Uzi wa mwaka ule ulikuwa na mafundo mawili, ukingojea la tatu.

Makinda yaliruka asubuhi moja kabla sijatoka kitandani. Nilipotoka nilimwona Mshonaji amesimama mbele ya msumari wake, anafunga fundo la tatu. Siku ile ile nilikifungua kiota kutoka tawini kwa mkono wangu, na badala ya kukichoma nilikitia kwenye jalada, kiwe kielelezo iwapo wangerudi. Komanda hakurudi kamwe. Baada ya muda kundi lake nalo liliondoka, na karatasi yangu iliondoka nalo. Sijui iko wapi. Huenda ilioza katika mfuko wa suruali ile, pamoja na mshono wake.

Binti yake alirejea baada ya mvua za pili, kwa miguu, amekonda, na akakuta mlango wazi. Mama alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia kwamba nguo zake zote itabidi zipunguzwe. Kisha akashikilia nguzo ya baraza muda mrefu.

Miaka ilipita. Macho ya Mshonaji yaliingiwa na ukungu, cherehani ikauzwa, na binti akamhamishia nyumbani kwake, mtaa wa Lumumba. Nilichelewa kwenda kumtembelea. Nilikuwa bado na hasira, na hasira yangu ilikuwa na sababu: mwanamke yule alinifanya niandike uongo kwa ajili ya mayai mawili, na hakuwahi kunieleza kwa nini. Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, nilichukua jalada nikaenda kudai maelezo.

Nilimkuta barazani, amekaa ameelekea uani. Bunda la nyuzi lilikuwa kwenye msumari kando ya mlango. Juu ya ukuta mfupi palikuwa na mabaki ya nyuzi yaliyopangwa kwa mkono usioona, mengine yameanguka.

"Chef, uko?" alisema kabla sijapiga hodi. Alisema aliujua mwendo wa goti langu.

"Nipo."

Nilimpa kiota. Alikizungusha vidoleni, akapata mlango wake, akatia ncha ya kidole ndani.

"Hiki ni kile?"

"Ni kile. Mama, nimekuja kuuliza. Kwa nini hukukubali kiondolewe?"

Alikigeuza tena kiota kiganjani.

"Siye tulikuwa tumefungwa pale," alisema. "Weye ulikuwa umefungwa. Mutoto wangu kule, amefungwa. Mutu yeyote mwenye alitoka hapana rudi. Yeye tu alikuwa anatoka na anarudi. Kila siku nilimuhesabu. Ningekata kiota, ningehesabu nani?"

Alikiweka kiota mapajani, akageuza uso kuelekea ukuta.

"Binti hapana jua kuangalia. Anasema tu, mama, hapana kitu. Weye angalia, Chef. Mbayuwayu wameshaenda?"

"Waliondoka Jumanne," nilisema, na ilikuwa kweli.

"Chozi amekuja?"

Niliangalia. Kumbukumbu ziwe sawa: hapakuwa na ndege. Palikuwa na ukuta, na mjusi, na uzi mmoja wa manjano uliosukumwa na upepo ukaanguka upande wa pili.

"Amekuja," nilisema. "Amechukua ule wa manjano."

"Dume ao jike?"

"Jike."

"Umeona vizuri?"

"Nimeona kwa macho yangu, Mama."

Alinyoosha mkono, nikamletea bunda kutoka msumarini. Aliutafuta kwa vidole uzi wa mwaka ule, akafunga fundo la mbayuwayu, akapima, akafunga la pili, akalikaza kwa meno.

Bunda lile lilikuwa bado kwenye msumari siku ya matanga, juu ya kichwa cha yule msimuliaji wa tatu. Fundo lile la pili ni la uongo, na kosa ni langu. Nilisimama mbele yake muda wa wimbo mzima. Sikulifungua.